Hemofilia nyepesi na kifundo cha mguu kinachouma

Hemofilia ni ugonjwa wa damu kutoganda vizuri kwa sababu ya upungufu wa faktori, yaani protini za kugandisha damu. Mwenye hemofilia nyepesi ana faktori VIII (aina A) au IX (aina B) kati ya asilimia 5 na 40 ya kiwango cha kawaida. Havuji damu ovyo. Huvuja baada ya kuteguka, kung'olewa jino au kupasuliwa, na mara nyingi damu huchelewa: leo ameanguka, kesho ndiyo goti linajaa. Kwa hiyo wengi hugundulika ukubwani, maana hata aPTT, kipimo cha muda wa damu kuganda, kinaweza kutoka sawa. Kinachotakiwa ni kupima kiwango cha faktori yenyewe.

Damu ikiingia kwenye kiungo, madini yake ya chuma huwasha utando wa ndani, utando unavimba, gegedu, ule mto laini kwenye ncha za mifupa, inalika. Dalili za mwanzo ni kuwashwa kwa ndani, joto na ugumu wa kukunja, kabla ya uvimbe kuonekana. Hapo ndipo pa kuwahi hospitali, si kusubiri kuchechemea.

Kiungo kipumzishe, kiinue, weka barafu iliyofungwa kitambaani dakika 15 hadi 20. Usikichue wala kukikanda kwa maji ya moto, hata bibi akisisitiza. Kwa maumivu, parasetamoli. Ile sindano ya diklofenaki ya makalioni, inayotolewa kama pipi kwenye zahanati zetu, ina madhara mara mbili: dawa yenyewe hudhoofisha chembe sahani zinazosaidia damu kuganda, na sindano huvujisha damu ndani ya msuli.

Desmopresini, dawa inayopandisha faktori VIII kwa muda, husaidia wengi wenye aina A nyepesi. Wenye aina B haiwasaidii. Ukichomwa dawa hii, punguza maji ya kunywa kwa saa 24, la sivyo sodiamu (chumvi) kwenye damu hushuka.