Mdogo Wake Hideyoshi

Nara, mji wa Japani ambako kulungu wanazurura mitaani, nitaimaliza kwa sentensi moja: wale kulungu wana adabu mpaka biskuti zikuishie, halafu wanakuvuta shati. Chumba nilicholala, ukifungua begi mlango haufunguki, na bei yake kwa usiku mmoja Tanga unapangia chumba mwezi mzima. Kulipokucha nikapanda treni kwenda Yamato-Koriyama, kuiona ngome ya Toyotomi Hidenaga.

Kaka yake, Hideyoshi, ndiye aliyeitia Japani nzima mkononi. Hidenaga, aliyezaliwa 1540, alikuwa wa kutumwa. Mwaka 1585 kaka akaugua. Mdogo akavusha jeshi hadi kisiwa cha Shikoku, na mtawala wa huko, Chosokabe Motochika, akasalimu amri. Mwaka 1587 yuko kisiwa cha Kyushu, anapambana na akina Shimazu, ukoo wa watawala wa huko. Kati ya vita hivyo viwili akawa ameshapewa majimbo ya Yamato, Kii na Izumi, akafanya makao yake hapa.

Jumba la ngome halipo tena, limebaki jukwaa la mawe. Nilikuwa nazunguka nyuma yake pale mzee mmoja mwenye fimbo aliponiashiria niiname. Nikachutama, nikawasha tochi ya simu. Ndani ya pengo la ukuta, kichwa chini, kulikuwa na sanamu ya Jizo, mlinzi wa watoto na wasafiri, amebanwa na mawe makubwa kila upande. Mzee, kwa Kiingereza cha kuokoteza na mikono mingi, akanieleza kwamba mawe huku yalikuwa haba, basi wajenzi wakazoa hata ya mahekalu na ya makaburi. Nikamuuliza, watu hawakukasirika? Akacheka, akaunganisha viganja, akauinamia ukuta. Kumbe wanamwomba hapo hapo alipo, miguu juu.

Mimi sikuweza kucheka. Hidenaga anasifiwa kwa upole. Otomo Sorin, bwana mmoja wa Kyushu, alipofika Osaka kwa Hideyoshi mwaka 1586 kuomba msaada, aliambiwa mambo ya faragha amwone Sen no Rikyu, bingwa wa chai wa Hideyoshi, ya serikali amwone Hidenaga. Na mpole huyo huyo ndiye ambaye ngome yake imesimama juu ya sanamu za ibada za watu. Kwetu nawajua wa namna hii: kaka ni mheshimiwa, anakata utepe na kupigiwa vigelegele, mdogo, mwenye salamu nzuri kuliko wote ukoo mzima, ndiye anayekuja alfajiri na watu wa kuvunja vibanda.

Hata hivyo, kaka alimhitaji kuliko alivyojua. Hidenaga alifia humu ngomeni mwanzoni mwa 1591. Hata miezi mitatu haikupita, Hideyoshi akamwamuru Rikyu ajiue. Mwaka uliofuata akavusha majeshi kwenda kuivamia Korea.

Kaburi lake liko kati ya nyumba za watu, huku mtu anaanika nguo jirani. Sikudaiwa kiingilio, nikashukuru, maana chai na kipande cha keki chenye umbo la samaki vilikuwa vimeshanila yeni 900.