Maboksi 41, watoto wawili na daftari lililonitia aibu

Kila tuliyemwambia kwamba tunahama mji alikuwa na neno lilelile: anzeni mapema. Jirani alisema, kaka yangu akasema, hata fundi bomba, ambaye hakuna aliyemuuliza, alisimama mlangoni na spana mkononi akatuambia, "Mkiwa na watoto wadogo, anzeni kufunga mizigo mwezi mzima kabla." Nikawasikiliza wote. Tangu nioe sijawahi kupewa ushauri ulioninyima usingizi kama huo.

Mke wangu alikuwa amepata kazi mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa gari, na alitakiwa kuripoti baada ya wiki sita. Binti yetu alikuwa na miaka minne. Mdogo wake alikuwa na miezi kumi, ndiyo kwanza anajifunza kusimama kwa kushika vitu, na alichokishika kilikwenda moja kwa moja mdomoni. Nyumba ya huko tulishapata. Basi mimi, ambaye hata kwenda sokoni naandika orodha mbili, moja ya kununua na moja ya kutonunua, nikaona kilichobaki ni hesabu tu: chukua vitu vyote vya ndani, gawanya kwa wiki sita.

Nikanunua daftari lenye jalada gumu. Kila boksi na namba yake, kila namba na ukurasa wake. Kalamu nyekundu kwa vinavyovunjika, bluu kwa nguo na matandiko, kijani kwa "vinginevyo". Wiki ya kwanza nilifunga maboksi 11 ya vitu tusivyovitumia, nikayapanga nyuma ya kochi hadi usawa wa dirisha, nikampigia kaka yangu simu kumringia.

Kumbe nyumba yenye watoto wadogo haina kitu kisichotumika. Ina vitu ambavyo zamu yao haijafika. Siku ya pili mvua ikanyesha, makoti ya mvua yako namba 4. Siku ya tatu ukatakiwa mkasi wa kucha, ambao uko namba 2. Siku ya nne mdogo akapata mafua, na kipimajoto nilikuwa nimekiona mimi mwenyewe kikiingia boksini nikajisemea, hiki hatujakigusa tangu lini? Nilikuwa nafungua, natoa, nafunga upya, nasahihisha daftari. Mara moja tu, siku hiyo ya kipimajoto, nilifungua matatu kwa haraka nikahamisha vitu huku na kule, nikajiambia nitaandika jioni. Sikuandika.

Usiku wa kuamkia Jumamosi, saa nane hivi, binti akaja kusimama upande wangu wa kitanda, kimya, gauni la kulalia limelowa. Alikuwa ameacha kukojoa kitandani mwaka mzima uliopita. Mke wangu akambeba kwenda kumsafisha, mimi nikatumwa mashuka. Yaliyokuwa nje yote mawili yalikuwa yamefuliwa jioni na hayajakauka. Nikawasha tochi ya simu, nikafungua daftari. Wino wa bluu, maandishi mazuri kabisa: mashuka ya mtoto, boksi namba 6.

Namba 6 lilikuwa chini ya namba 9, ambalo lilikuwa chini ya namba 3, ambalo lilikuwa limejaa vitabu. (Vitabu viweke kwenye maboksi madogo. Boksi kubwa la vitabu halibebeki, na kitako chake hufunguka wakati uko nalo kifuani.) Nililishusha namba 3 kwa goti na kidevu. Nikalivuta namba 6 katikati ya sebule. Sasa, kuna sauti moja ambayo mzazi wa mtoto mchanga anapaswa kuiogopa kuliko radi, nayo ni ya selotepu ya maboksi ikibanduliwa usiku. Nilijaribu kuibandua polepole, ikapiga kelele polepole. Nikachukua ufunguo wa mlango kuichana, ikachanika kwa mlio mmoja mrefu kama suruali, na chumbani mdogo akaamka.

Ndani ya namba 6 mlikuwa na nyaya za televisheni, fremu za picha na makoti ya mvua.

Nilifungua namba 7. Nikafungua namba 10. Mke wangu akatokea, mtoto mmoja begani analia, mwingine amefungwa taulo kama mtu aliyetoka kuogelea, akaitazama sebule, akanitazama mimi nilivyopiga magoti katikati ya makaratasi, akauliza kwa upole mno, "Baba watoto, daftari linasemaje?"

Tulilala wanne kitanda kimoja.

Asubuhi nilikuwa nimekasirika, na hasira yangu nikaipeleka kwa mtoto: nikamuuliza mbona amerudia mambo ya utotoni. Hapo sikufanya vizuri, na nalisema wazi. Wiki hiyo tulikuwa na zamu ya kliniki ya mdogo, mke wangu akamgusia nesi. Nesi hata hakushangaa. Alisema watoto wa umri ule mara nyingi hurudi nyuma kidogo nyumbani kunapotokea mabadiliko makubwa, wengine hukojoa, wengine hung'ang'ania mzazi au kutaka tena chupa ya maziwa, na tusimgombeze. Akatuuliza kama tumemweleza kuhama ni nini. Tulidhani tumemweleza.

Jioni ile nilikaa naye sakafuni karibu na maboksi. Akakaa muda mrefu akichokonoa kona ya lebo kwa ukucha, kisha akauliza, "Na mimi mtaniweka kwenye boksi gani?"

Ukiangalia kwa macho yake ilikuwa swali la akili. Kila siku kitu kinaingia boksini na hakionekani tena. Kila Jumamosi vitu vingine vinatolewa nje, vibovu vinatupwa, vizima wanachukua watu. Hakuna aliyemwambia yeye yuko kundi gani.

Basi tukageuza mambo yote. Kwanza nilifungua maboksi karibu yote (mke wangu alitabasamu siku nzima). Wiki tatu zilizofuata hatukufunga kitu, tulipunguza. Tulitoa, tuligawa, tuliuza kitanda kibovu kwa bei ya kumshukuru aliyekibeba. Wakati huohuo tukashughulikia karatasi, maana karatasi ndizo zinazotaka kuanza mapema, si vyombo: barua ya uhamisho ya shule ya awali, kumalizana na mwenye nyumba kuhusu amana, nakala za vyeti vya kuzaliwa. Kadi ya kliniki ya mdogo niliipiga picha kurasa zote na kadi yenyewe ikakaa kwenye mkoba wa mke wangu, haikuguswa na boksi lolote. Chanjo zina tarehe zake, na nesi wa mji mpya ataamini kilichoandikwa, hataamini kumbukumbu yangu.

Kisha, siku kumi kabla ya safari, badala ya kuuliza tufunge nini, tuliuliza nini kibaki nje. Sufuria mbili, sahani nne, vikombe vinne, nguo za wiki moja kwa kila mtu, nepi, dawa, kipimajoto (cha zamani hakikuonekana, tulinunua kingine), mashuka, midoli mitatu. Tukaviweka mezani, tukavihesabu. Kila kisichokuwa juu ya ile meza kilikuwa halali kufungwa. Ajabu ni kwamba hatukukosa kitu. Tulikuwa tukiosha sahani nne hizohizo mara tatu kwa siku, na sinki halijawahi kuwa safi vile tena.

Maboksi yaliyofungwa yalikaa chumba kimoja na mlango ukafungwa, ili watoto wasiishi ndani ya ghala. Chumba cha watoto hatukukigusa hadi asubuhi ya mwisho. Kuna aliyetushauri tuanze na midoli "kwa sababu haina kazi". Aliyesema hivyo hana watoto, au ana yaya.

Namba zikafutwa, michoro ikachukua nafasi yake. Hili la michoro ndilo ninalojivunia, ingawa lilianza kama njia ya kumtuliza mtoto. Nilimpa binti kalamu nene nikamwambia kila boksi alichoree chumba litakakokwenda: kitanda, kijiko, bomba la maji. Alichora pande zote nne, maana hakujua kuacha. Boksi lake mwenyewe alilichorea samaki, bila maelezo. Siku ya kupakia, vibarua walikuwa wanatazama na kubeba, hawahitaji kusoma wala kuuliza. Tulipofika, kila mlango wa nyumba mpya ulikuwa na mchoro wake, na jamaa wa lori wakawa wanaitana, "Kijiko huku! Samaki wawili!" Nimewahi kulipa watu wa kuhamisha mizigo mara mbili maishani, na hii ndiyo mara ya kwanza boksi la jikoni halikulala bafuni.

Vitu vikubwa nilivimudu, isipokuwa mashine ya kufulia. Zile za mlango wa mbele zina pipa linaloning'inia kwenye springi, na zinapokuja mpya huwa na boliti ndefu nyuma za kulishikilia njiani. Unazitoa siku ya kwanza na unatakiwa kuzitunza. Nilizitunza. Nilizitunza vizuri hivi kwamba hadi leo sijui wapi. Fundi alinitafutia nyingine zinazoingia, gharama yake si haba kwa vyuma vinne. Friji niliizima usiku uliotangulia, mlango wazi, matambara chini. Kibarua mmoja akataka kuilaza ili nafasi itoshe, nikasimama mbele yake kama kipa. Ikilazwa, mafuta ya kompresa huweza kuingia kwenye mirija. Ilisafiri wima, na tulipofika sikuruhusu mtu aiwashe hadi asubuhi, ingawa wenzangu walidhani nimechanganyikiwa kwa uchovu. Sahani nilizisimamisha kwa ubavu kama vitabu rafuni, katikati nguo za mtoto, na haikuvunjika hata moja. Kilichovunjika ni kioo nilichokibeba mwenyewe mapajani kwa usalama.

Watu walisema siku ya kuhama watoto wapelekwe kwa bibi yao. Mdogo alikwenda, mama mkwe akaja naye siku mbili baadaye, na Mungu ambariki. Mkubwa tulikataa kumwachanisha na shughuli. Niliogopa akiondoka na nyumba imejaa, akaletwa kwenye nyumba nyingine, atabaki akiuliza ile ya kwanza ilikwenda wapi. Chumba chake kilipobaki kitupu aliingia, akasema "Halo", na ukuta ukamrudishia. Akasema tena kwa nguvu. Alizunguka vyumba vyote akisalimia, jikoni, chooni, halafu akatoka mwenyewe na kuvaa viatu.

Kitanda chake kilipakiwa cha mwisho ili kishuke cha kwanza. Skrubu zake nilizifunga kwenye mfuko na mfuko nikaufunga kwenye mguu wa kitanda chenyewe, na spana ilikuwa mfukoni mwangu njia nzima, ikinichoma kila kona. Saa mbili usiku alikuwa amelala juu ya kitanda chake, shuka lake, mdoli wake, wakati sisi wazazi tumeketi sakafuni tunakula kwa sahani mbili kati ya zile nne.

Kukojoa kuliendelea wiki tatu hivi kisha kukaisha, hatujui siku gani hasa.

Mwezi wa tatu baada ya kuhama, nikifungua boksi la mwisho, moja ya yale ya zamani ambalo sikulifungua wakati ule kwa sababu lilikuwa na wino wa kijani na daftari lilisema "vinginevyo, si muhimu", nikakuta mashuka ya mtoto, yamekunjwa na kupigwa pasi, na kipimajoto kimelazwa juu yake. Namba 8. Nikaita mke wangu aje aone. Alisimama mlangoni, mikono yake imejaa povu, akauliza swali lilelile.