Barabara Zilizoachishwa Kazi, Nyuma ya Nice

Mgeni anayefika Nice, kusini mwa Ufaransa, na baiskeli ya mashindano huanza na bahari, nami sikuwa tofauti. Miezi miwili ya mwanzo nilikuwa nikienda Monaco na kurudi kwa barabara ya pwani, maji ya buluu yakiwa chini yangu na mabasi yakiwa begani kwangu, nikijidanganya kwamba kelele, moshi na honi ni ushuru ambao mwendesha baiskeli hana budi kuulipa ili apate mandhari. Kumbe mandhari yenyewe ilikuwa nyuma ya mgongo wangu. Ukiipa bahari kisogo na kulifuata bonde la mto Paillon, asubuhi hiyo hiyo unafika mahali ambapo sauti kubwa kuliko zote ni ya mnyororo wako ukihama gia.

Nilichokuja kukielewa baadaye ni kwamba barabara tulivu za milima hii hazikuzaliwa tulivu. Nyingi zilikuwa njia kuu. Kwa karne nyingi chumvi ya pwani ilipandishwa kwa nyumbu hadi Piemonte, kaskazini mwa Italia ya leo, kupitia vilele hivi, wakati Nice ilipokuwa chini ya watawala wa Savoy waliokuwa na makao yao Turin, na mwishoni mwa karne ya 18 watawala hao waliipanua njia ya chumvi ili magari ya farasi yaweze kupita. Mwaka 1860 Nice ikawa ya Ufaransa, kisha ikaja reli, kisha ikaja barabara kuu ya kulipia kandokando ya pwani, na leo mtu wa Nice anayekwenda bonde la Roya kwa gari huona afadhali azunguke kupitia Ventimiglia, ndani ya Italia, kuliko kuhangaika na kona za milimani. Njia ya zamani imebaki na lami yake, kuta zake za mawe na mwinuko wake uliopimwa kwa nguvu za mnyama anayevuta mzigo, ila kazi imeachishwa. Sijui urithi mzuri zaidi ya huo kwa mwendesha baiskeli, maana nyumbu mwenye chumvi mgongoni na mtu mwenye mapafu ya kawaida kama mimi wanataka mwinuko ule ule.

Mzunguko ninaourudia mara kwa mara unaanzia L'Escarène, ambako nafika kwa treni ya asubuhi ya kwenda Breil. Ningeweza kutoka nyumbani nikiendesha, lakini sehemu ya chini ya bonde ina viwanda vya saruji, na malori yake hayana subira. Treni inapokea baiskeli, ingawa nafasi ni chache na anayechelewa hupambana na mabegi ya watalii. Kutoka L'Escarène hadi Col de Braus (col ni kipito cha kuvukia mlima), mita 1,002 juu ya usawa wa bahari, ni takriban kilomita 10 za mwinuko wa asilimia sita au saba, na zinapita kwanza katikati ya mashamba ya mizeituni midogo ya aina ya Cailletier, ile inayotoa zeituni nyeusi za Nice. Wakati wa kiangazi nyavu za kuvunia huwa zimekunjwa na kufungwa kwenye matawi. Majira ya baridi yakifika hutandazwa chini na mteremko mzima huonekana kama umetegwa kwa ajili ya samaki. Baada ya kijiji cha Touët barabara inaanza kujikunja juu yake yenyewe, kona juu ya kona, kila moja ikiwa imeshikiliwa na ukuta wa mawe, hata unapochungulia chini unaona pale ulipokuwa dakika tano zilizopita, umbali wa kurusha jiwe.

Pale Braus pana jiwe la kumbukumbu la René Vietto, kijana wa Le Cannet aliyekuwa na umri wa miaka 20 aliposhiriki Tour de France ya mwaka 1934. Alishinda hatua nne na taji la milima, lakini kinachokumbukwa ni kwamba huko kwenye milima ya Pyrenees alimpa nahodha wa timu yake, Antonin Magne, gurudumu lake, akabaki ameketi juu ya ukuta kando ya barabara akisubiri gari la msaada, machozi yakimtoka. Na siku iliyofuata akageuza baiskeli na kupanda tena mlima alioushuka ili ampe Magne baiskeli nzima. Magne akashinda Tour. Majivu ya Vietto yamehifadhiwa hapa Braus. Mara nyingi husimama pale kwa heshima, ingawa nikisema kweli, miguu nayo huwa inatafuta kisingizio.

Mteremko wa upande wa pili unakushusha hadi Sospel, mji mdogo wenye daraja la kale juu ya mto Bévéra. Katikati ya daraja umesimama mnara ambamo wasafiri walitozwa ushuru. Vita vya pili vya dunia vilivunja daraja hilo, nalo likajengwa upya. Hapa ndipo pa kula. Mimi hubeba pan bagnat kutoka Nice, mkate wa mviringo uliojazwa jodari, yai, nyanya na zeituni, uliolowa mafuta kiasi kwamba ni lazima uulie mbali na nguo. Chupa za maji zijazwe hapa bila kukosa. Mabomba ya mawe ya vijijini mengi ni ya kunywa, lakini usome kibao kwanza: ukiona maneno "non potable", hayo ni ya kunawa tu.

Kutoka Sospel hadi Col de Turini ni kilomita 24, na unapanda kutoka mita 350 hadi mita 1,607. Sehemu ya kwanza inapita katika korongo la Piaon, ambako mto na barabara vimebanana na mwamba unaning'inia juu ya kichwa. Mbele kidogo, kanisa dogo la Notre-Dame de la Menour limekaa juu ya genge, na ngazi zake zinavuka juu ya barabara kwa daraja la matao, hivyo unapita chini ya miguu ya mahujaji.

Hapo korongoni ndipo nilipojifunza bei ya utulivu. Kipande cha jiwe chenye ncha, kilichoporomoka kutoka juu, kilinitoboa tairi la nyuma. Nikatoa tyubu ya akiba kwa majivuno ya mtu aliyejiandaa, nikagundua kwamba valvu yake ilikuwa fupi kuliko kina cha rimu zangu: ilichungulia kidogo tu kwenye tundu lake, na pampu haikuwa na pa kushika. Simu haikuwa na mtandao. Nilikaa kwa muda wa dakika 40, na gari lililopita lilikuwa moja tu, la mzee aliyeshusha kioo, akaniuliza kama nina maji, nikamjibu ninayo, akaondoka zake. Swali lilikuwa moja na nilikuwa nimelijibu! Mwishowe niliichukua tyubu iliyotoboka, nikaizamisha kwenye dimbwi la kando ya barabara hadi vipovu vikaonyesha tundu, nikaikausha kwa fulana, nikaikwaruza kwa msasa, nikapaka gundi na kungoja ikauke kabla ya kubandika kiraka, kama nilivyoona mafundi wa baiskeli wakifanya chini ya mwembe tangu utotoni. Kiraka kilishika. Tangu siku hiyo nabeba tyubu mbili, nazo nimezipima valvu, pamoja na viraka.

Baada ya kijiji cha Moulinet joto linapungua, mizeituni inakoma, na unaingia katika msitu wa misonobari mirefu unaokufuata hadi kileleni. Turini inajulikana zaidi na wapenzi wa mbio za magari, kwa sababu mashindano ya Monte Carlo hupita hapo Januari, tena yakiwa na sifa ya kupita usiku na katika barafu. Jina hilo huwavuta pia wenye pikipiki, na Jumapili ya jua kali utulivu ninaousifu hapa hutaukuta. Mimi mapumziko yangu ni Jumanne, na Jumanne nimewahi kupanda kutoka Moulinet hadi kileleni nikapishana na magari yasiyozidi matano. Julai 20, 2024 Tour de France ilipita Braus na Turini siku moja, mwaka ambao mbio zilimalizikia Nice kwa sababu Paris ilikuwa inajiandaa kwa Olimpiki, na bado barabara zikarudi kuwa za kwetu.

Kushuka napendelea upande wa Peïra-Cava kwenda Lucéram, halafu L'Escarène. Mzunguko mzima hauzidi kilomita 80, lakini una karibu mita 1,900 za kupanda, kwa hiyo usiuhesabu kwa umbali. Miezi yake ni Mei, Juni na Septemba. Vuli ina hatari yake: Oktoba 2, 2020 dhoruba iliyoitwa Alex ilisomba barabara, madaraja na nyumba katika mabonde ya Vésubie na Roya, na tangu wakati huo sitoki nyumbani bila kuangalia hali ya hewa na taarifa za barabara zilizofungwa.

Kwa siku ambazo miguu haitaki Turini, ipo njia fupi kutoka Menton, mji wa pwani karibu na mpaka wa Italia. Juu ya Menton ndiko iliko Col de la Madone, mita 927, mlima ambao Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kufundwa na David Kinjah kule Kikuyu kabla ya kutwaa Tour mara nne, aliutumia kujipimia nguvu alipokuwa akiishi Monaco. Mimi sijipimi chochote, hivyo napita Castillon, kijiji kilichobomolewa na tetemeko la ardhi la mwaka 1887, kikabomolewa tena na vita, kikajengwa upya. Karibu magari yote hupita katika handaki lililokuwa la tramu ya zamani ya Menton na Sospel, na barabara ya juu, yenye mita 706 kileleni, huachiwa sisi na mijusi.

Njia hiyo nayo inaishia Sospel, na kurudi nyumbani ni kwa treni. Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1928, ikavunjwa na vita, na sehemu yake ya kuvuka mpaka kuingia Italia ikangoja hadi mwaka 1979 ndipo ikafunguliwa tena. Ukitoka Sospel treni inaingia katika handaki la karibu kilomita 6 chini ya Braus. Nakaa karibu na baiskeli, nimeishika tandiko isianguke, na kwenye kioo cheusi cha dirisha naona uso wenye chumvi ya jasho kwenye nyusi, huku kona zote za Vietto zikipita juu ya kichwa changu.