Kidonda cha baba kilikataa kupona mpaka nilipoacha kumburuta

Wiki ya tatu baada ya kiharusi kumpoozesha baba upande wa kushoto, nikiwa namwogesha, niliona doa juu kidogo ya matako, pale mfupa unapokutana na godoro. Kwenye ngozi nyeusi usitegemee kuona wekundu. Lilikuwa doa la zambarau, kama pamevilia damu. Niliweka mgongo wa mkono nikasikia joto kuliko pembeni, tena pagumu. Nikachukua mafuta nikapasugua. Kwa nguvu! Ngozi ile ilishakosa damu kwa kulaliwa, na mimi nikaimalizia. Siku nne baadaye ilichubuka.

Basi nikaanza kukikausha. Spiriti, unga wa vidonge, kisha nakiacha wazi kipigwe na hewa. Kikafanya gaga, na kila nikibandua shashi inatoka na damu mbichi. Baba hasemi vizuri. Alikuwa anakunja uso tu.

Nesi aliyekuja kumwona hakuanza na kidonda. Alisimama mlangoni akatazama baba alivyokaa: kichwani nimeinua mito, mwili umeteleza hadi miguu inagusa ubao.

"Mwanangu, akiteleza hivi unampandishaje?"

"Namshika makwapani, mama, namvuta."

"Hapo ndipo unapomchuna."

Akanieleza kwamba ngozi inang'ang'ania shuka wakati mfupa unakwenda, na mishipa midogo iliyo katikati inanyongwa. Mto wa duara wenye tundu, nilioununua kwa majivuno, akauweka kando: unabana damu pembeni mwa tundu.

Kuanzia siku hiyo kichwa hakikuinuka zaidi ya nyuzi 30, isipokuwa wakati wa kula. Kila baada ya saa 2 tulimgeuza kwa shuka iliyokunjwa chini yake, watu wawili, tunamnyanyua bila kumvuta. Ubavuni hatukumlaza wima juu ya nyonga. Tulimwegemeza kwa mto mgongoni. Mto mwingine ulikaa chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee. Nepi ikilowa tu, inatoka.

Kidonda chenyewe tulikiosha kwa maji ya chumvi ya hospitali, kisha kinafunikwa kibaki na unyevu. Hilo nililibishia, maana nimekua nikiambiwa kidonda kikauke. Kumbe tangu 1962 mtafiti George Winter alishaonyesha kwa nguruwe kwamba chenye unyevu huota ngozi haraka kuliko chenye gaga. Mayai na maharage yakaongezwa, kwa sababu nyama haioti bila protini.

Kila Jumatatu nilipima kwa rula. Sentimita 3, wiki mbili haikusogea, nikakaribia kurudia spiriti. Halafu 2.5, chini pekundu kama nyama mpya. Wiki ya tisa kikafunga.

Ngozi ya pale ni nyembamba na rangi yake hailingani na ya pembeni, kwa hiyo hatujaacha kumgeuza. Saa nane usiku kengele ya simu inalia. Siku hizi baba akiisikia anakunja goti la kulia mwenyewe, ananisubiri.