Penzi Lililokwisha Bila Mkosaji

Taarab ya Mombasa nimekua nayo, na ninaipenda, lakini katika nyimbo nyingi nilizozisikia harusini penzi halifi hivi hivi: lazima awepo hasidi, mke mwenza au mpenzi aliyevunja ahadi. Bongo Fleva inayovuma kwenye matatu za mji huu imeshika njia hiyo hiyo, na sisi wasikilizaji tumezoea kuamini kwamba moyo ukipoa, yuko aliyeupoza.

Ndiyo maana shoga yangu wa Kibokoni alipowaambia shangazi zake kuwa hana tena mapenzi na mumewe, swali la kwanza lilikuwa, "Ana mwanamke nje?" Hakuwa naye. Alikuwa mtu wa sala tano, matumizi hayakosi, na hajawahi kumnyanyulia mkono. Nikimtembelea baada ya Isha, nilimwona mume akirudi kutoka barazani, akikuta sahani yake imefunikwa kawa, akala huku akitazama taarifa ya habari, na mkewe akipita na nguo za kukunja wakasalimiana kwa adabu kama wapangaji wawili. Zamani waligombana, sasa hata ugomvi ulikuwa umekwisha, na kwangu hiyo ndiyo dalili iliyotisha zaidi.

Kinachoniuma ni kuwa dini yetu ililitambua jambo hili mapema mno. Hadithi ya mke wa Thabit bin Qays inajulikana: alimwendea Mtume (S.A.W.) akasema hamlaumu mumewe kwa tabia wala kwa dini, ila hawezi kuishi naye. Hakuambiwa alete ushahidi wa kosa. Aliulizwa kama atarudisha bustani aliyopewa mahari, akakubali, na Thabit akaamriwa amwache. Hiyo ndiyo khului, ambayo Mahakama za Kadhi, zinazotambuliwa na kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010, huisikiliza hadi leo.

Sisemi kila moyo uliopoa ukimbilie huko. Aya ya 35 ya Surat An-Nisaa inataka kwanza msuluhishi mmoja kutoka kwa jamaa za mume na mmoja kutoka kwa jamaa za mke. Lakini shangazi walipoteza miezi wakimsaka mwanamke asiyekuwepo, miezi ambayo wangeweza kuwakalisha wawili hawa na kuwauliza ni lini waliacha kuzungumza. Wasuluhishi walipoitwa hatimaye, shoga yangu alikuwa ameshahamia kwa mamake, na mahari ameshayaweka tayari kuyarudisha.