Nilivyokadiria gharama za kuendesha thieta mpya ya kituo chetu

Majengo ya kituo chetu cha afya yalipokamilika, viongozi walikuja kupiga picha: thieta, yaani chumba cha upasuaji, wodi ya wazazi, maabara, mochwari. Kituo chetu kiko pwani ya ziwa upande wa Sengerema, na kwa miaka mingi mama aliyehitaji upasuaji alisafirishwa usiku. Furaha ilikuwa ya haki. Ila mimi katibu wa afya nilibaki na swali moja: haya yote yataendeshwa kwa shilingi ngapi kwa mwaka?

Ushauri nilioupata unaniudhi mpaka leo. Mtu wa mipango aliniambia nichukue bajeti ya mwaka uliopita niongeze asilimia 10. Asilimia 10 ya nini, wakati mwaka uliopita hatukuwa na thieta? Hapakuwa na dawa ya usingizi wala nesi wa kukesha mle ndani. Mwingine akasema nigawe kwa idadi ya vitanda. Nikamwonyesha palepale kwamba kwa hesabu yake, mama aliyejifungua kawaida akaondoka kesho yake anagharimu sawa na aliyepasuliwa.

Nikaenda hospitali nyingine ambayo thieta yake inafanya kazi, nikamwomba msimamizi tuhesabu kila kitu kilichotumika kwa upasuaji mmoja wa kujifungua. Tulikaa mezani, yeye akitaja, mimi nikiandika: sindano ya ganzi ya mgongoni, dripu, mpira wa mkojo, nyuzi, gozi, antibiotiki, mashuka ya kufua, dawa ya kusafishia sakafu. Nilipofika kwenye glovu nikaandika jozi zilizovaliwa. Akaniwekea kidole kwenye karatasi: “Kaka, andika na zilizopasuka. Hapa hazikosekani.” Karatasi ile ndiyo iliyobeba bajeti yangu nzima. Nilizidisha na idadi ya akina mama tuliokuwa tukiwapa rufaa, nikaongeza kidogo, kwa sababu thieta ikifunguliwa hata wa vijiji jirani watakuja.

Watumishi wanataka hesabu yao. Wiki ina saa 168. Mtu mmoja akifanya saa 40, nafasi moja isiyolala inataka watu zaidi ya wanne, na ukiweka likizo na ugonjwa, andika watano. Mishahara inatoka Hazina, lakini posho za kuitwa usiku ni zetu.

Oksijeni nayo usiiandike kwa kukisia. Mtungi mkubwa wa lita 6,800, mgonjwa akivuta lita 5 kwa dakika, haufiki saa 24. Mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani inakula karibu wati 350, yaani uniti 8 na kitu za umeme wa LUKU kwa siku. Nilipanga mashine ndiyo ifanye kazi kila siku na mitungi iwe akiba ya umeme ukikatika. Usafiri wa kujaza mitungi Mwanza niliupunguza, maana tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, gari halilali tena likisubiri kivuko. Friji ya mochwari nayo haizimwi, hata isipokuwa na mtu.

Kikao cha bajeti kilipinga ukurasa wa mapato. Walidhani wagonjwa wakiongezeka na makusanyo yataongezeka. Nikawakumbusha sera: wajawazito na watoto wa chini ya miaka 5 hawalipi. Thieta yetu karibu yote ni ya wajawazito, kwa hiyo kila upasuaji unaongeza matumizi bila kuingiza kitu. Fedha lazima ionekane kwenye mfuko wa pamoja wa afya na mapato ya ndani ya halmashauri kabla ya Julai 1, mwaka wa fedha unapoanza, la sivyo tutaanza kuwatuma akina mama dukani kununua nyuzi, jambo ambalo siwezi kulikubali.

Walitaka wafute mstari wa matengenezo kwa sababu vifaa ni vipya. Nilikataa. Mpira wa mlango wa otokilevu, mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke, ukichakaa, mvuke hautulii, vifaa havitakasiki, na thieta inafungwa kwa kipuri unachokishika mkononi. Mstari ukabaki, ila wameupunguza kwa nusu, na nusu ile nitaidai tena kwenye mapitio ya katikati ya mwaka.