Nilivyofundisha vyumba vya moyo baada ya kuumbuka mbele ya darasa

"Mwalimu, samahani. Mbona ukuta mnene uko upande wa pili?"

Binti aliyeuliza alikaa benchi la tatu, wala hakuuliza kwa kejeli. Nilikuwa nimesimama mbele ya wanafunzi 52 wa kidato cha pili, nimevaa glovu, nimeshika moyo wa ng'ombe nilioununua buchani alfajiri ile. Dakika chache kabla nilikuwa nimewaambia, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba chumba cha chini cha kushoto ndicho chenye ukuta mnene kuliko vyote. Kisha nikaonyesha kushoto. Ukuta niliouonyesha ulikuwa mwembamba, unalegea kama soli ya kandambili iliyochakaa. Mnene ulikuwa upande mwingine kabisa.

Nikasema tutarudi kwenye jambo hilo. Mwalimu yeyote anajua maana ya "tutarudi". Kipindi kikaisha kabla ya kengele.

Nafundisha baiolojia katika shule moja ya kata mkoani Tanga, na mchoro wa moyo naweza kuuchora ubaoni nimefumba macho. Vyumba vinne: viwili vya juu, ambavyo darasani tunaviita atriamu, na viwili vya chini, ventrikali. Nusu ya kulia nilikuwa naipaka chaki ya bluu, ya kushoto chaki nyekundu, mishale inapanda na kushuka. Wanafunzi wananakili, wanakariri, wanajibu mtihani. Nilivyofundishwa ndivyo nilivyofundisha, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kuushika moyo kwa nia ya kuuelewa. Niliushika kwa nia ya kuula.

Usiku ule nilikaa na mabaki ya moyo wangu kwenye sinia, nikaona makosa yangu ni mawili. La kwanza ni la mchoro. Mchoro wa moyo huchorwa kama vile mwenye moyo amesimama anakutazama, kwa hiyo kushoto kwake kunaangukia mkono wako wa kulia. Hilo nilikuwa nalijua, na kila mwaka nalisema. Lakini moyo halisi una mbele na nyuma, na mimi niliushika mbele yake ikinielekea mimi, kisha nikahesabu kushoto kwa mkono wangu mwenyewe. Kosa la pili si langu peke yangu. Moyo wa buchani huwa umeshapasuliwa na mishipa yote imekatwa hadi shinani, mara nyingi na sehemu kubwa ya vyumba vya juu imekwenda nayo. Unabaki na nyama mbili zilizofunguka kama kitabu. Hapo hata aliyesoma zaidi yangu angebabaika.

Jumamosi nikaenda mwenyewe machinjioni. Mzee wa pale alinicheka kwanza. "Mwalimu, nyama unataka au mabomba?" Nikamwambia nataka vyote, moyo mzima, na mishipa iachwe mirefu kiasi cha kidole. Yeye hakuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa mkaguzi wa nyama, kwa sababu moyo ni moja ya sehemu ambazo mabuu ya minyoo tegu hupenda kujificha, na mkaguzi lazima aupasue atazame ndani ya msuli. Ndiyo maana ya ule mpasuko wa buchani, na mimi siku zote nilidhani ni wa muuzaji. Tukaelewana: akapasua ukuta wa kulia tu, akachanja ukuta wa kati kidogo bila kuutoboa, akatazama, akaridhika. Upande wa kushoto ukabaki mzima. Nikalipa shilingi 9,000, nikaondoka na ndoo yangu.

Mama watoto aliutazama ule moyo juu ya meza ya jikoni na mishipa yake inaning'inia, akasema meza hiyo nitaisugua mwenyewe. Haki yake.

Sasa, kuujua mbele na nyuma. Hili sikulipata kwenye kitabu chochote cha shule, nililipata kwa kuugeuzageuza ule moyo karibu saa nzima. Vyumba vya juu vina vijinyama viwili vilivyokunjamana pembeni kama masikio ya mbwa mdogo. Ugeuze moyo hadi masikio yote mawili yakuelekee. Katikati yao utaona mshipa mkubwa unachomoza, huo ndio unaokwenda mapafuni. Chini yake kuna mstari wa mafuta unaoshuka kwa mshazari, nao ndio mpaka wa vyumba viwili vya chini. Hapo umeshika mbele. Kisha ubane kwa vidole pande zote mbili za mstari: unaobonyea ni wa kulia, ulio mgumu kama msuli wa paja ni wa kushoto, na ncha ya moyo kule chini ni ya kushoto pia. Usiusumbue ubongo na mkono wako uko wapi. Bana tu.

Halafu nikatumia kidole. Ukikiingiza kwenye ule mshipa wa mbele kinashukia chumba cha kulia. Nyuma yake kuna mshipa mwingine mnene, mweupe, ambao hata ukikatwa mdomo wake haufumbi. Hiyo ndiyo aota, mshipa unaopeleka damu mwilini. Kidole kikipita humo kinaibukia chumba cha kushoto. Vena kava, zinazorudisha damu kutoka mwilini, zilikuwa zimelala chapachapa kama mfuko wa plastiki usio na kitu, nikazipata kwa taabu. Kukata kwa kisu shina la aota nikagonga kitu kigumu, nikadhani ni jiwe. Ulikuwa mfupa, mwembamba, umepinda, mrefu kama kifundo cha kidole. Ng'ombe ana mfupa ndani ya moyo, penye ile pete inayoshikilia vali, yaani milango inayozuia damu isirudi nyuma. Binadamu hana, kwake pale pana tishu ngumu tu. Mfupa ule nimeuhifadhi kwenye boksi la chaki.

Jumatatu nilianza kwa kumwita yule binti mbele. Nikamwambia, ulichoona wiki iliyopita kilikuwa sahihi, mimi ndiye niliyekosea. Darasa likapiga kelele ya furaha ambayo sikuipenda sana. Nikampa rula apime kuta mbili za chini. Kulia ilikuwa milimita 8. Kushoto, nilipokuwa nimepachanja kidogo karibu na ncha, milimita 24.

"Kwa nini mara tatu?" nikauliza. Karibu wote wakajibu kwamba kushoto kunatoa damu nyingi zaidi. Jibu hili nilikuwa nalisikia kila mwaka na nalipita, kwa sababu kwenye mtihani swali huishia kwenye "ukuta upi ni mnene". Safari hii sikupita. Pande zote mbili hutoa kiasi kilekile. Kwa mtu mzima aliyepumzika ni kama mililita 70 kila pigo, kulia kwenda mapafuni, kushoto kwenda mwili mzima. Isingekuwa hivyo, damu ingejaa upande mmoja mchana huohuo. Tofauti iko kwenye nguvu ya kusukuma. Mapafu yako jirani na mishipa yake ni mepesi kupitika, kwa hiyo chumba cha kulia kinasukuma kwa shinikizo la kama 25 kwa kipimo kile cha zahanati. Cha kushoto kinafika 120, na hiyo ndiyo namba ya juu ambayo nesi anamwandikia bibi yako kwenye kadi, isipokuwa ya bibi huenda imezidi. Mtu anayebeba ndoo kutoka bombani hadi mlangoni na anayeibeba hadi juu ya kilima, ndoo ni ileile, lakini misuli haitafanana.

Kwa upande wa kiasi nilikuwa nimebeba dumu la mafuta ya kula la lita 5. Mapigo 70 kwa dakika mara mililita 70, mnapata dumu hili, karibu damu yote ya mtu, inazunguka kila dakika moja. Kijana mmoja akauliza kama ni kweli hata tukiwa tumelala. Nikamwambia ukilala inapungua kidogo, lakini haisimami kukusubiri uamke.

Kilichowashika zaidi kilikuwa maji. Nilichukua mpira mwembamba, nikaupitisha ndani ya aota hadi chumba cha chini cha kushoto, nikafungua paa la chumba cha juu ili waone chini, kisha nikasukuma maji kwa chupa ya soda. Zile ngozi mbili za vali, ambazo muda wote zilikuwa zimelegea kama kanga iliyolowa, zikanyanyuka, zikavimba, zikakutana midomo. Maji hayakupanda. Nyuzi nyeupe zilizozishikilia kutoka chini zikakaza moja baada ya nyingine. Darasa kimya. Nikawaeleza kwamba nyuzi hizo hazifungui mlango wala kuufunga, damu yenyewe ndiyo inayousukuma. Kazi ya nyuzi ni kuuzuia usipinduke kuelekea juu, kama mwavuli unavyopinduliwa na upepo. Na ile sauti ya "du-dup" tunayosikia kifuani ni milango kufungwa: kwanza ya kati ya vyumba vya juu na chini, kisha ile ya kwenye mishipa mikubwa.

Kasoro moja ilinisaidia. Nilipomimina maji ndani ya aota kutoka juu kuonyesha kwamba vali yake nayo inazuia, maji yalizuilika, lakini taratibu yakawa yanapungua. Mwanafunzi akasema vali imetoboka. Tulipopasua tukakuta vali nzima, vikombe vitatu, na juu yake kidogo matundu mawili madogo. Maji yalikuwa yanapenyea humo. Ndiyo midomo ya mishipa inayoulisha moyo wenyewe: damu ikitoka tu chumba cha kushoto, wa kwanza kupata mgawo ni moyo. Mishipa hiyo ikiziba, moyo unakufa njaa huku umejaa damu.

Swali gumu lilitoka benchi la nyuma. Damu inavukaje kutoka kulia kwenda kushoto? Kijana aliyeuliza hakuridhika na mishale ya ubaoni, akaja mbele na kalamu yake akitafuta tundu kwenye ukuta wa kati. Akapaza sauti: "Hili hapa!" Alikuwa ameingiza kalamu kwenye mchanjo wa mkaguzi wa nyama. Tulicheka, lakini nikamwambia amekosea pamoja na watu wakubwa. Galeni, tabibu wa enzi za Warumi, alisema ukuta huo una vitundu visivyoonekana, na kwa zaidi ya miaka elfu moja waganga wakaamini. Aliyekataa ni Ibn al-Nafis, katika karne ya 13, aliyekuwa tabibu Kairo: ukuta ni mzito, hauna tundu, damu lazima izungukie mapafuni ndipo ifike kushoto. William Harvey wa Uingereza alichapisha maelezo ya mzunguko mzima mwaka 1628. Kijana akasukuma kalamu tena, ikagota. Akarudi kukaa.

Sikuwaficha kwamba tundu lilikuwapo, ila juu, kati ya atriamu mbili, kabla ng'ombe hajazaliwa. Mtoto tumboni hapumui, kwa hiyo sehemu ya damu yake hukatiza humo bila kwenda mapafuni. Baada ya kuzaliwa huziba, ikabaki alama kama ya kidole gumba kilichobonyezwa kwenye unga. Niliwaonyesha kwa tochi ya simu. Kwa baadhi ya watoto tundu hilo halizibi vizuri, na hapo ndipo utasikia watu wakisema mtoto ana tundu kwenye moyo, ingawa matundu ya namna hiyo yako ya aina nyingi.

Chaki ya bluu nimeiacha. Hata mtoto mmoja aliniuliza damu ya bluu iko wapi, na humo ndani kulikuwa na mabonge mekundu ya kiza tu. Sasa natumia nyekundu na kahawia.

Wiki mbili baadaye yule binti wa benchi la tatu alinifuata ofisini kabla ya mstari wa asubuhi. "Shikamoo Mwalimu." Alikuwa na kifurushi cha jani la mgomba. Nyumbani kwao walichinja mbuzi kwa ajili ya hitima ya babu, naye akaomba moyo, mzima, mkaguzi hakuhusika. Mishipa ilikuwa mirefu kuliko hata niliyoipata machinjioni. Alitaka tutafute mfupa. Tulipasua shina la aota hatukuukuta, mbuzi mwenyewe alikuwa mdogo. Lakini kabla ya kunipa kisu aliuweka moyo kiganjani, akaugeuza hadi masikio mawili yakamtazama, akaubana pande zote mbili kwa dole gumba.

"Kushoto ni huku," akasema, akanikabidhi.